Kutoka king'amuzi cha HD hadi deki ya bibi: nunua nini, acha nini

Mjomba alitoka kwenye TV. Dakika hamsini za kipindi cha ufugaji wa nyuki, na mimi nilishachomeka flashi kwenye king'amuzi mapema, nikarekodi chote. Kesho yake simu ikaja kutoka kijijini: bibi naye anataka kumwona mwanawe. Bibi ana TV ya chogo na deki ya DVD. Simu janja hana wala haitaki. Niliharibu DVD tatu kabla ya kupata moja ya kumpelekea, na nikagundua nilikuwa natoa pesa pasipostahili.

Kabla hujanunua chochote, chomeka flashi kwenye kompyuta, fungua rekodi kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea video. Mara nyingi utakuta faili la .ts, au vipande kadhaa, maana flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haibebi faili moja linalozidi GB 4. Likicheza, endelea kusoma. Likigoma, huenda king'amuzi chako hufunga rekodi zake zichezwe humohumo tu, na hakuna programu kati ya nitakazozitaja itakayozifungua. Uliza pia kama deki ya huko ina tundu la USB, ila usifurahi haraka: deki nyingi za zamani husoma AVI za DivX, mtindo wa zamani wa kubana video, wakati king'amuzi cha HD kwa kawaida hurekodi H.264, mtindo mpya zaidi wasioufahamu.

Jambo jingine la kujua mapema: DVD ya PAL, mfumo wa picha za TV unaotumika kwetu, hubeba picha iliyobanwa kwa MPEG-2 yenye nukta 720 kwa 576. Rekodi yako ya HD inaweza kuwa 1920 kwa 1080. Lazima ipungue. Anayekuambia programu yake "inatunza HD ndani ya DVD" anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Sasa programu. Namba moja kwangu ni DVDStyler. Ni ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux, na inafanya kazi yote: kubadili faili, kutengeneza menyu, kuchoma. Sura yake ya kizamani na haina haraka. Niliiwashia kazi nikaenda kula. Unachagua PAL, unachagua 16:9 (umbo la picha pana), unaburuta faili ndani, basi.

Namba mbili ni ConvertXtoDVD ya VSO Software ya Ufaransa. Hii ni ya kulipia na ni ya Windows. Ni nyepesi kuliko zote kwa mtu asiyependa kuchezea mipangilio, lakini toleo la majaribio hubandika alama juu ya picha. Kwa kipindi kimoja cha mjomba, sioni sababu ya kulipa. Kwa mwenye maktaba ya harusi na misiba ya ukoo mzima, pengine.

Namba tatu ni FFmpeg, inayobadili faili, pamoja na dvdauthor, inayolipanga liwe DVD, kwa wasioogopa kuandika amri. Zote za bure. Ukiandika -target pal-dvd, FFmpeg inapanga yenyewe vipimo vinavyotakiwa. Hapa ndipo nilipotibu tatizo langu la kwanza: mjomba akisogeza mkono, kingo za picha zilitoka mistari kama meno ya kitana. Rekodi ilikuwa 1080i, yaani kila picha imegawanywa mistari ya shufwa na ya witiri, nami nikaipunguza bila kuiunganisha kwanza. Kichujio cha yadif kikamaliza kazi.

HandBrake haimo kwenye orodha hii. Ni programu nzuri, lakini haitengenezi DVD. Inatoa MP4 na MKV. Watu wengi huipakua, hungoja saa mbili, kisha hushangaa deki inawakatalia.

Pesa yako iende kwenye draivu na diski. Kama laptopu yako haina sehemu ya DVD, nunua draivu ya nje ya USB, mpya, yenye jina kama LG au ASUS, na uichomeke moja kwa moja kwenye laptopu, si kwenye kigawanyio cha USB, umeme usije ukapungua katikati ya kuchoma. Diski chukua DVD-R. Achana na DVD-RW. Huakisi mwanga kidogo na deki iliyochoka hushindwa kuzisoma. Zile za bei ya kutupa zilinipotezea mbili kati ya tatu zangu. Verbatim hazijaniangusha. Choma kwa kasi ya 8x hata kama diski inasema 16x.

Usijaze pia. Diski ya GB 4.7 inabeba saa moja kwa ubora wa juu kabisa, na saa mbili bado zinapendeza. Ukisukumiza saa tatu, majani yatageuka vijisanduku.

Kama diski inakwenda kwa ndugu aliyeko Marekani, tengeneza NTSC, mfumo wa picha wa kule, badala ya PAL, kwani deki nyingi za kule huikataa PAL. Ya Oman au Kenya, PAL ni sawa.

DVD ya tatu haikuwa na kosa lolote, nami niliitupa. Kwenye chogo la bibi mjomba alitokea mwembamba kama mlingoti, nikadhani nimekosea vipimo. Kumbe deki ilikuwa imewekwa 16:9. Bonyeza kitufe cha setup kwenye remoti, tafuta aina ya TV, weka 4:3 LB, yaani picha pana ndani ya kioo cha chogo, na mistari myeusi juu na chini. Mwili ukamrudia.

Nilichoma mbili. Moja iko kwa bibi. Nyingine mjomba kaichukua, anawaonyesha wateja wa asali.