Uzoefu wangu na Pealim: kujifunza Kiebrania kwa mizizi

Niko Arava, kusini mwa Israeli, kwa mafunzo ya kilimo, na Pealim ndiyo iliyonifungulia Kiebrania. Naipendekeza bila kusita kwa Mswahili yeyote anayetaka lugha ya kazini, dukani na kwa daktari. Ni tovuti, na ni ya bure. Jina lenyewe maana yake ni vitenzi. Unaandika neno, kwa herufi za Kiebrania au za Kilatini, unaletewa jedwali zima: wakati uliopo, uliopita, ujao na amri, pamoja na irabu ambazo mtaani hawaziandiki. Silabi yenye mkazo imekolezwa. Ila kilichonikamata mimi ni mstari mfupi ulio juu ya jedwali, unaotaja mzizi wa neno, yaani zile konsonanti, mara nyingi tatu, zinazobeba maana yake ya msingi. Ukiubofya, yanakuja maneno mengine ya mzizi uleule.

Kabla ya hapo nililipia programu moja ya simu iliyopanga maneno kwa mada: matunda, wanyama, rangi. Kila neno lilikuja peke yake, likaondoka peke yake.

Chukua kazi yetu. Tunalima pilipili hoho ndani ya vitalu nyumba, na kitalu nyumba huitwa hamama. Mzizi wake ni herufi tatu, H-M-M. Ham ni -a moto, hom ni joto, na mwenye homa husemwa "yesh lo hom". Hapo nikashtuka kwa furaha, maana sisi tuna homa na tuna hamamu, yote mawili kutoka Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu wa damu. Neno la shambani, la hospitali na la nyumbani kwetu yakakaa kichwani kwa pamoja, na hayajatoka.

Hii ndiyo faida ambayo Mswahili anayo na pengine haijui. Sisi tuna kitabu, katibu na maktaba. Wao wana katav, aliandika, mikhtav, barua, na ktovet, anwani. Sisi tuna hesabu. Wao mgahawani wanaomba heshbon, yaani bili, kufikiri ni lahshov, na kompyuta ni mahshev. Merikebu yetu ina mzizi mmoja na rakevet, treni, na rekhev, magari. Ibada inakutana na avoda, kazi, na humohumo anatoka oved, mfanyakazi, na maavid, mwajiri. Salama inakutana na shalom, sawa, hilo kila mtu analijua, lakini kumbe na leshalem, kulipa, na tashlum, malipo, na shalem, kamili. Mgonjwa huombewa "refua shlema", uponyaji kamili. Ukitaka mzizi wa refua, unapata rofe, daktari, mirpaa, zahanati, na trufa, dawa. Asubuhi moja ya kuumwa utayahitaji maneno hayo yote.

Ukishazoea, sikio linaanza kufanya kazi lenyewe. Maneno mengi ya mahali huanza na mi-: mirpaa, mispara (saluni), mitbah (jiko), mikhbasa (kwa dobi). Sisi tunabandika mbele na nyuma, lima, mkulima, kilimo. Wao wanaacha konsonanti zisimame na kubadilisha irabu katikati. Lazima pia uzoee kwamba B ikitanguliwa na irabu kwa kawaida husikika V, na K husikika KH, la sivyo hutaona kwamba katav na mikhtav ni ndugu.

Mizizi haitoshi peke yake, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Lehem kwa Kiebrania ni mkate, ilhali lahm kwa Kiarabu ni nyama. Neno lililoandikwa kwa herufi samekh (S), pe (P au F) na resh (R) laweza kuwa sefer, kitabu, au sapar, kinyozi, au safar, alihesabu. Muktadha ndio unaoamua. Na zipo herufi dhaifu zinazopotea njiani: lashevet, kukaa, inatokana na Y-SH-V, lakini ile Y huioni. Hapa ndipo napoishukuru zaidi Pealim, kwa sababu inakuonyesha mzizi hata pale ambapo neno limeuficha.

Jua pia kwamba hii si kozi. Hakuna somo la kwanza wala la pili, na maelezo hayapo kwa Kiswahili, kwa hiyo Kiingereza kidogo utakihitaji. Mimi nasikia neno shambani, nalitafuta jioni, naandika daftarini mzizi juu na chini yake yale tu ninayoyasikia watu wakiyatumia. Yale mengine nayaacha. Kuongea unajifunza kwa watu.

Anayekuja kufanya kazi huku, mzizi wa kuanza nao ni S-K-R: maskoret ni mshahara, sakhir ni mwajiriwa, liskor ni kukodi, na skhar dira ni kodi ya nyumba. Ujue maneno hayo kabla hujaweka sahihi kwenye karatasi yoyote.