Uzoefu wangu: nilivyohamia DaVinci Resolve kutoka programu ya kujifunzia

Kwa miaka mitatu nilihariri video za harusi kwa programu nyepesi niliyoikuta kwenye kompyuta, na kwa kukata, kuunganisha na kuandika majina ya maharusi ilinitosha. Ilinishinda nilipopokea kazi ya sherehe iliyorekodiwa kwa kamera mbili na simu moja, ndani ya ukumbi wenye taa za zambarau. Haikuweza kupanga picha za kamera tatu kwa pamoja, wala haikuwa na namna ya kurekebisha rangi ya uso peke yake bila kuharibu ukumbi mzima.

Niliamua kujaribu programu tatu kwa kazi hiyohiyo, kwa sababu orodha za sifa zinazosomwa kwenye matangazo hazikunisaidia kuchagua. Premiere Pro ni nzuri na mafunzo yake yamejaa mtandaoni, lakini hulipiwa kwa ada ya kila mwezi, na sisi tunaorekodi harusi tuna miezi mikavu, hasa Ramadhani na Kwaresima, ambapo ada ingeendelea kudaiwa hali kazi hakuna. Kdenlive ni ya bure kabisa na ninaipendekeza kwa mwenye kompyuta dhaifu. Hata hivyo, kwa upande wa rangi sikupata nilichokitafuta.

DaVinci Resolve ilianza kama chombo cha kusahihisha rangi kabla ya kununuliwa na kampuni ya Blackmagic Design ya Australia mwaka 2009, na asili hiyo unaiona mara unapoitumia. Niliuzungushia uso wa bibi harusi duara, nikaiagiza programu ilifuatishe duara hilo kila anapogeuka, kisha nikapunguza zambarau ndani yake tu. Uso ukarudi kwenye weusi wake wa asili, taa za ukumbi zikabaki zilivyokuwa. Nilipofanya vivyo hivyo kwa mikono yake, hina iliyokuwa inaonekana nyeusi kama piko ikaonyesha wekundu wake, jambo ambalo mama yake aliligundua kabla sijamwambia.

Kulinganisha kamera zote tatu kwa kufuata sauti zilizorekodiwa kulichukua dakika chache, ila video ya simu ilianza sawa, na kadiri hotuba ilivyoendelea midomo ikaachana na maneno. Chanzo kilikuwa simu yenyewe, kwani simu nyingi hubadilisha idadi ya picha kwa sekunde kulingana na mwanga. Niliipitisha kwanza kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha muundo wa video, ili iwe na picha 25 thabiti kwa sekunde, sawa na kamera zangu, na tatizo likaisha. Idadi hiyo ichagueni mwanzoni kabisa mwa mradi, kwa maana video zikishaingizwa huwezi tena kuibadilisha kwenye mipangilio ya mradi.

Uzito wa DaVinci Resolve ndio utakaowasumbua wengi. Kompyuta yangu yenye RAM ya GB 8 ilikwama kila mara, nikalazimika kuiongeza hadi GB 16, na bado sihariri faili asili moja kwa moja: huiachia programu itengeneze nakala nyepesi za video usiku, nikahariri kwa hizo, halafu kazi ya mwisho ikatolewa kutoka faili asili.

Toleo la bure hutoa video hadi ukubwa wa 3840 kwa 2160, picha 60 kwa sekunde, bila nembo yoyote juu ya picha, na wateja wangu hawajawahi kuomba zaidi ya hapo. Toleo la Studio, linalouzwa kwa dola 295 zinazolipwa mara moja tu, nitalinunua nikianza kupokea kwa wingi kazi za usiku zenye mwanga hafifu, kwa kuwa kifaa cha kuondoa chembechembe za giza kimo ndani ya toleo hilo pekee.