Miaka Miwili ya Uzamili wa Sanaa za Ufundi: Nilichopata na Nilichokikosa

Nimehitimu Shahada ya Uzamili ya Sanaa za Ufundi (MFA), yaani sanaa kama uchoraji na uchongaji, baada ya miaka miwili ya masomo, fani yangu ikiwa uchapaji wa picha kwa mabamba ya shaba, na tangu hapo nimeulizwa mara nyingi na wasanii wenzangu iwapo masomo haya yanastahili gharama zake. Nitajibu kwa kueleza niliyoyaona mwenyewe, bila kukitaja chuo.

Mwombaji anapaswa kuelewa mapema kwamba halipii mafunzo ya mkono. Anayetarajia kufundishwa jinsi ya kuchanganya rangi au kuandaa udongo wa kufinyangia atasikitika, kwa kuwa vyuo humchagua mtu kwa jalada la kazi zake, na kazi hizo hutarajiwa kuonyesha kuwa ufundi wa msingi anao tayari. Anacholipia ni muda, chumba cha kufanyia kazi, na macho ya watu wengine wanaotazama kwa makini. Muda na chumba mtu anaweza kuvipata kwingine kwa jitihada zake, lakini macho yale ni vigumu mno kuyapata nje ya chuo, na ndiyo yaliyonifanya nisijutie uamuzi wangu.

Kwetu macho hayo yalikutana katika kikao cha uhakiki, kila baada ya wiki tatu. Nakumbuka kikao nilichotundika chapa kumi na mbili ukutani, nikatakiwa kukaa kimya kwa dakika ishirini huku wenzangu wakieleza wanachokiona, si wanachokipenda. Mmoja wao akasema kwamba hakuna mtu hata mmoja katika picha zangu anayemtazama mtazamaji. Wote wamegeuza nyuso. Nilikuwa nimechora watu kwa miaka minane bila kulitambua jambo hilo. Sikulala vizuri usiku ule, na bamba nililolianza siku iliyofuata lilikuwa na uso mmoja tu, unaotazama mbele, nao ukawa chanzo cha kazi zote nilizozionyesha wakati wa kuhitimu.

Si vikao vyote vilivyokuwa hivyo. Kuna vilivyogeuka mabishano ya wahadhiri wawili juu ya nadharia zao, kazi ya mwanafunzi ikiwa imesahaulika ukutani, na msimamizi wangu wa mwaka wa pili alikuwa na wanafunzi wengi kiasi kwamba kwa muhula mzima alifika studioni kwangu mara mbili tu. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa, na ndiyo sababu nawashauri waombaji waulize idadi ya wanafunzi kwa kila msimamizi kabla ya kuuliza majina makubwa yaliyomo kwenye orodha ya wahadhiri.

Msimamizi mmoja makini ana uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Mchongaji Elizabeth Catlett alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupata shahada hii katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1940. Mwalimu wake, mchoraji Grant Wood, alimhimiza atengeneze kile anachokijua vizuri zaidi, naye akachonga kwa jiwe la chokaa mama aliyempakata mtoto wake. Kazi hiyo ya tasnifu ilipata tuzo ya kwanza ya uchongaji mwaka huohuo katika maonyesho ya Chicago. Wakati huo mwanamke huyo Mweusi hakuruhusiwa kuishi katika mabweni ya chuo. Humfikiria kila ninaposikia mtu akihukumu masomo haya kwa uzuri wa majengo.

Karakana yetu ilikuwa nzuri kwa upande mmoja: mabamba yalichomwa mistari ya picha kwa kemikali iitwayo kloridi ya feri badala ya asidi ya nitriki, ambayo ikigusana na shaba hutoa gesi yenye sumu, na feni za kuvuta hewa zilifanya kazi siku zote. Hata hivyo, mashine ya kuchapia ilikuwa moja kwa wanafunzi tisa, na milango ilifungwa saa tatu usiku, muda ambao msanii mwenye kibarua cha mchana ndiyo kwanza ameanza kushika kazi. Masomo ya nadharia yalikuwa ya wastani.

Kuhusu fedha, nilifundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza kwa saa kumi kila wiki, na chuo kikanipunguzia nusu ya ada. Mpango wa namna hii upo katika vyuo vingi vya Marekani, ambako masomo huchukua miaka miwili au mitatu na shahada hii hutambuliwa kuwa ya juu kabisa kwa anayetaka kufundisha sanaa chuoni. Uingereza zipo programu za uzamili za mwaka mmoja. Siwezi kumshauri mtu akope ada yote, kwa kuwa mapato ya msanii huja kwa msimu ilhali marejesho ya mkopo hudaiwa kila mwezi. Wenzangu wawili waliokopa hawajarudi kwenye studio zao hadi leo, nami husononeka nikikumbuka kazi walizokuwa wakizifanya.

Anayekusudia kuomba aandike barua mapema, aombe kuketi nyuma katika kikao kimoja cha uhakiki, na asikilize ni nani anayezungumza na iwapo kazi iliyoko ukutani ndiyo inayozungumzwa. Chuo kitakachomnyima nafasi hiyo, mimi nisingekipelekea jalada langu.