Flatworm eXit dhidi ya minyoo bapa wekundu: uzoefu wangu na tangi la maji chumvi hapa Kisumu

Dawa hii ya matone ya kampuni ya Salifert inaua minyoo bapa, hilo halina ubishi. Hatari inatoka kwa minyoo wenyewe. Wakifa wanaachia sumu iliyo mwilini mwao, na wakiwa wengi sumu hiyo inaweza kuangusha samaki na matumbawe kwa muda mfupi. Anayeisifu au kuilaumu dawa bila kusema alifyonza minyoo kiasi gani kabla ya kuitia, hajakusaidia.

Tangi langu lina urefu wa sm 90, upana wa sm 45, na maji yanafika kimo cha sm 40: lita 162. Toa kama 20 za mawe na mchanga, ongeza 40 za tangi la chini (lenye vichujio), unapata lita 180 hivi. Hiyo ndiyo hesabu ya kupimia matone, si ukubwa ulioandikwa kwenye boksi la tangi. Idadi ya matone kwa lita fuata maelezo ya kichupa.

Hakikisha kwanza ni wao. Mnyoo bapa mwekundu, kitaalamu Convolutriloba retrogemma, ana milimita chache tu, rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na mkia wenye ncha. Mtoto huchipuka nyuma ya mzazi, kisha anajikata. Hahitaji mwenzi, kwa hiyo mmoja aliyejificha chini ya tumbawe jipya anatosha kujaza tangi. Ndani ya mwili wake kuna mwani unaotaka mwanga, ndiyo maana wanatandaa penye taa kali na kuyafunika matumbawe. Tabia hiyo itumie: acha taa iwake kwa muda wa saa mbili tatu ndipo uanze kufyonza.

Mimi hutumia mpira mwembamba wa pampu ya hewa uliofungwa kwenye kijiti, maji yakishukia ndoo iliyo sakafuni. Mpira mnene utamaliza maji kabla hujamaliza jiwe moja. Usiwakwangue kwa brashi, maana wakipondeka sumu inatoka pale pale. Kwa sababu hiyo hiyo maji ya ndoo yamwage, usiyarudishe hata ukiyachuja kwa soksi. Lita 15 kwa siku, siku nne au tano mfululizo, ukijazia maji mapya. Kazi hii inachosha mgongo, lakini ndiyo inayookoa samaki.

Siku ya dawa, lita 50 za maji chumvi ziwe tayari tangu jana yake: kilo 1.8 hivi za chumvi ya matangi ya matumbawe, joto nyuzi 25 hadi 26, refraktomita (kipima chumvi) isome 1.025. Maji ya mfereji hapa yametiwa klorini, kwa hiyo yapitishe kwanza kwenye kichujio cha RO (chenye utando unaozuia hata vilivyoyeyuka majini). Ndugu zetu wa Nakuru, maji ya ziwa lenu ni ya magadi. Hayawezi kuchukua nafasi ya maji ya bahari. Weka pia pampu ya hewa ya betri karibu, maana stima ikipotea katikati ya shughuli hii samaki watakosa hewa haraka.

Toa kaboni (mkaa wa kuchujia maji), zima taa ya UV ya kuua vijidudu, kisha tia matone polepole mahali maji yanapokwenda kasi. Muda si mrefu minyoo wanajikunja, wanaachia mawe na kuanza kuelea. Wafyonze papo hapo. Mpira usiuweke chini mpaka wapungue kabisa. Samaki akianza kuhema juu ya maji, usisubiri: rudisha kaboni na ubadilishe maji mara moja. Mambo yakienda sawa, baada ya saa moja hivi mimi huweka gramu 200 za kaboni mpya, iliyosuuzwa, na kubadilisha lita 45. Kaboni ya zamani haifai, imeshajaa.

Rudia baada ya wiki hata kama huoni kitu. Daima kuna waliojificha ndani ya mawe.

Watu wengi huku wananiuliza kuhusu dawa ya minyoo ya mbuzi kutoka agroveti. Nawasihi, msiitie. Nyingi zina levamisole iliyochanganywa na oksiklozanidi, na kipimo chake ni kwa kilo za mnyama, si kwa lita za maji yenye konokono na kamba. Konokono wa bahari Chelidonura varians naye hula minyoo hawa tu, akiwamaliza anakufa njaa. Mimi simnunui.

Na wale minyoo warefu wenye nywele pembeni si kazi ya dawa hii. Wengi wao wanakula mabaki na kusafisha mchanga. Wakizidi, punguza chakula, na usiku tega omena mmoja ndani ya kipande cha bomba chenye matundu ya mm 5. Alfajiri litoe bomba zima kabla omena hajaoza. Vaa glavu; nywele zikikuingia kidoleni, bandika selotepu juu yake kisha uivute.