Magurudumu ya mbele ya kiti cha magurudumu (wheelchair): madogo magumu au makubwa ya upepo?

Madogo, ya inchi 4 au 5, hugeuka upesi na hayagongi visigino. Ndani ya nyumba ni raha tupu. Ila yakinasa kwenye ufa, kiti husimama ghafla na aliyekaa anaweza kurushwa mbele. Hilo ndilo linaloniogopesha. Ya inchi 8 hupanda mawe na mashimo, ingawa hutaka nafasi zaidi kuzunguka, na upepo lazima ukaguliwe. Kwa njia ya vumbi nachagua makubwa bila kusita. Lakini ukibadilisha ukubwa, pima upya nguzo ya uma (chuma ambacho uma unaoshika gurudumu la mbele hugeukia): isimame wima, digrii 90 na sakafu, la sivyo kiti kitakuwa kizito kukata kona. Yote hunasa nywele kwenye ekseli. Zing'oe kwa koleo kabla hazijaua beringi.