Kuvimba kwa umio: kutazama kwa kamera au kuchukua biopsi (kipande kidogo cha tishu cha kupimwa)?
Umio ukichubuliwa na asidi ya tumbo, endoskopi, yaani kutazama kwa kamera, ndiyo shahidi bora: michubuko ya daraja C au D ya Los Angeles (mizani ya ukali wa michubuko, A hadi D) inatosha kuthibitisha. Biopsi hapa ni dhaifu, maana mabadiliko madogo ya tishu huonekana hata kwa asiye na tatizo la asidi.

Kwa uvimbe wa eosinofili (aina ya seli nyeupe za damu), mambo hugeuka. Umio unaweza kuonekana safi, kumbe hadubini inahesabu eosinofili 15 au zaidi katika eneo moja linaloonekana kwa ukuzaji mkubwa. Ila ugonjwa huu hukaa kwa mabaka. Kipande kimoja huukosa kirahisi. Vichukuliwe angalau 6, vya juu na vya chini, hasa penye mifereji au madoa meupe. Omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi) iliyotumika kabla ya kipimo yaweza kushusha hesabu hiyo, jibu likapotosha.