Kichwa cha treni cha zamani kimepoteza sauti: nunua nini kwanza, nini mwisho

Vichwa vya treni za modeli vilivyotoka miaka ya 2000, viwe HO vya Marekani au OO vya Uingereza (HO na OO ni vipimo vya udogo wa modeli), vina ugonjwa mmoja. Mota inazunguka, taa zinawaka, ila sauti inakoroma, inakatika, au imezima kabisa. Ukiuliza dukani utaambiwa nunua dekoda mpya, yaani bodi ndogo ya ndani inayopokea amri na kutoa sauti, na dekoda nzuri ya sauti ni dola 100 na ushee. Ushauri wangu ni kwamba pesa ya kwanza iende kwenye spika. Dekoda ingoje zamu yake.

Hata spika usiinunue kabla ya kupima, maana vipimo vyenyewe ni bure. Kama unatumia DCC, yaani mfumo wa kuendesha treni kwa amri za kidijitali zinazopita kwenye reli, irudishe dekoda kwenye mipangilio ya kiwandani. Dekoda za ESU, Zimo na SoundTraxx zinakubali CV 8 ikiandikwa 8 (CV ni namba ya mpangilio ndani ya dekoda). Zile za QSI, zilizojaa kwenye vichwa vya mwanzo vya kampuni ya Broadway Limited, zina utaratibu wao: CV 49 weka 128, CV 50 weka 255, kisha CV 56 weka 113. Zipo "maiti" nyingi zilizofufuka hapo hapo.

Ikigoma, fungua ganda, chomoa waya mmoja wa spika, na uweke mita. Spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) iliyo hai husoma kama 7 hivi. Mita isiposoma chochote, koili imekatika. Ikisoma vizuri lakini sauti inakoroma, tazama karatasi ya spika chini ya taa kali: mara nyingi utaona imechanika pembeni, au vumbi la chuma limeganda kwenye sumaku.

1. Spika mpya na boksi lake

Hapa ndipo penye faida kubwa kwa pesa ndogo. Spika za mstatili za milimita 11 kwa 15, zilizotokana na teknolojia ya simu za mkononi, zinaishinda ile ya duara uliyoikuta ndani, na ukinunua na boksi lake haifiki dola 20. Boksi ndilo linalofanya kazi. Uso wa spika unaposukuma hewa mbele, mgongo wake unaivuta. Bila boksi sauti hizo mbili zinakutana na kuuana, na besi ndiyo inayotangulia kufa. Ziba kila upenyo kwa gundi, hata tundu la waya. Nafasi ikiruhusu, chukua boksi kubwa kuliko unavyodhani unahitaji.

Mtego uko kwenye omu. Dekoda ya zamani ya LokSound 3.5 inataka spika ya omu 100, na zile za mwanzo za Digitrax SoundFX zinataka 32. Ukiziwekea spika ya kisasa ya omu 8, zitasikika kwa muda, kisha amplifaya itaungua. Kupanda omu hakuna hatari, utapoteza ukali wa sauti tu. Kushuka ndiko kunakoua.

2. LokSound 5 au Tsunami2

Dekoda ikiwa imekufa kweli, usibembeleze. LokSound 5 ya ESU, kampuni ya Ujerumani, inatoa sauti 10 kwa wakati mmoja kwa ubora wa biti 16, na inakubali spika za omu 4 hadi 32. Uzuri wake ni kwamba mafaili ya sauti unayabadilisha: leo dizeli, kesho mvuke. Ila kuyapakia kunahitaji kifaa cha LokProgrammer, kwa hiyo mwambie muuzaji akupakie kabla ya kutuma.

Tsunami2 ya SoundTraxx, wa Durango, Colorado, hainyumbuliki hivyo. Unachagua siku ya kununua: mvuke, au dizeli za watengenezaji wa Marekani kama EMD, GE, ALCO na kadhalika. Hata hivyo honi, kengele na filimbi nyingi zimo ndani, na ina ekwalaiza, yaani kirekebishi cha besi na sauti za juu, ya kunyoosha sauti ya spika ndogo. Kwa mwenye vichwa vya Marekani asiyetaka mambo ya kompyuta, mimi ningempa hii.

Na kama wewe ni mpenzi wa Garratt, vichwa vya mvuke vyenye injini mbili, kwa mfano zile za daraja la 59 za East African Railways (5918 Mount Gelai ipo kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi), ulizia faili lenye mapigo ya injini mbili yanayopishana na kukutana. Garratt yenye pigo moja tu ni uongo.

Kabla ya kulehemu chochote, angalia mota. Kwenye vichwa vya kale vya kampuni ya Athearn, kaboni ya chini ya mota (inayoipelekea umeme) inagusa fremu, nayo fremu imeungana na reli. Usipoitenganisha, dekoda yako mpya itatoa moshi dakika ya kwanza. Pia shika magurudumu na upime mota inavuta ampea ngapi ikiwa imekwama. Ikizidi kiwango cha dekoda, badilisha mota kwanza.

3. Hornby HM7000

Hii ni dekoda ya watu wa OO. Simu yako ndiyo inayoendesha kwa Bluetooth, sauti unazipakua kwenye programu yao, na bei iko chini ya za hapo juu. Nimeiweka ya tatu kwa sababu maktaba yake imeegemea mno treni za Uingereza.

4. Kapasita ya kuhifadhi umeme

Sauti ikikatika kila kichwa kinapovuka makutano ya reli, safisha magurudumu kwanza. Isipotosha, nunua kapasita inayolingana na dekoda yako, na ya kampuni ile ile ikiwezekana.

5. Bodi ya asili (dekoda ya kiwandani) iliyotumika

Hii iwe ya mwisho kabisa. Unanunua uzee uleule uliokukwamisha, na muuzaji harudishi pesa. Wanaosameheka ni wenye vichwa vya kampuni ya MTH vyenye mfumo wa sauti wa Proto-Sound 2, ila nao wapime betri kwanza. Ukizima umeme, sauti inatakiwa iendelee kwa sekunde kadhaa. Ikikatika papo hapo, tatizo ni betri. Bodi za volti 5 hutumia betri ya volti 8.4, na za volti 3 hutumia ya 2.4, basi soma betri iliyomo kabla ya kuagiza. Mwenye Proto-Sound ya kwanza asikiendeshe kabisa kichwa chenye betri dhaifu, maana kumbukumbu ya sauti inaweza kuvurugika, na hapo betri mpya haisaidii tena.